Hujatia sukari, umekula ugali tu: mbona mashine inasoma 9?

Mashine ndogo za kupima sukari zimeingia majumbani, na mkanganyiko umeingia nazo. Mtu kanywa chai ya rangi bila sukari, kala ugali kwa mchicha, saa moja baadaye anajichoma kidole na kukuta 9.1 (milimoli kwa lita ya damu). Anailaumu mashine. Jirani akisikia, anamwambia ugali ni sukari tupu, auache kabisa. Wa tatu ana tiba aliyoipata kwenye kundi la WhatsApp: ulaze ugali, asubuhi utakuwa umeisha sukari. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kinachowapita wote ni kazi ya kukata na kuunga inayofanywa na vimeng'enya, kuanzia mdomoni hadi ndani ya ini.

Tuanze na maneno yenyewe. Glukosi ni sukari sahili inayosafiri kwenye damu. Ndiyo hiyo mashine inayoipima. Wanga ni glukosi hizohizo zikiwa zimeungwa kwa mamia na maelfu, kama shanga kwenye uzi. Mahindi, mpunga, muhogo na kiazi hujiwekea akiba kwa namna hiyo, ili mbegu au jicho la kiazi lipate cha kuanzia. Takriban robo ya wanga wa mahindi ni nyuzi zilizonyooka, ziitwazo amilosi. Zilizobaki zina matawi, nazo huitwa amilopektini. Mwanadamu na wanyama nao wana akiba ya aina hii mwilini, inaitwa glaikojeni, na matawi yake yamesongamana zaidi: amilopektini hutoa tawi kila baada ya shanga 24 hadi 30, glaikojeni kila baada ya 8 hadi 12. Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeitenga kutoka kwenye ini, mwaka 1857. Kabohaidreti ni jina la ukoo mzima: sukari ya mezani, wanga, glaikojeni, hata nyuzinyuzi za mboga.

Kimeng'enya, ambacho wengi hukiita enzaimu, ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kuisha. Kimoja hukata maelfu ya vifungo na kubaki kizima. Lakini kinachagua kazi. Amilesi hukata glukosi zilizoungwa kwa mtindo wa wanga, basi. Selulosi, iliyomo kwenye makapi ya mahindi, pamba na karatasi, nayo ni glukosi tupu, ila kila shanga imegeuzwa juu chini ikilinganishwa na jirani yake. Kugeuzwa huko tu kunatosha: mwili wa binadamu hautengenezi kimeng'enya cha kukata kifungo cha namna hiyo. Ng'ombe ananenepa kwa majani kwa sababu amebeba tumboni vijidudu vinavyokitengeneza. Kwa hiyo kujua kwamba chakula kina glukosi hakutoshi. Swali la maana ni nani ataitoa, na kwa kasi gani.

Uji uliogeuka maji

Mlezi yeyote amewahi kuliona hili. Bakuli la uji mzito, mtoto anakula nusu, kijiko kinatoka mdomoni kinarudi bakulini. Nusu saa baadaye uji uliobaki umekuwa majimaji, na hakuna aliyeongeza tone. Hiyo ni amilesi ya mate ikiwa kazini. Uji huwa mzito kwa sababu nyuzi ndefu za wanga zimevimba, zikasokotana na kushika maji. Amilesi hukata katikati ya uzi, popote inapopata nafasi, na nyuzi zikishakuwa fupi haziwezi tena kuyashika maji hayo.

Unaweza kulijaribu jikoni. Chukua vikombe viwili vya uji mzito uliopoa hadi uvuguvugu. Kimoja kitie kijiko cha chai cha mate, koroga, subiri dakika 15, kisha vimimine vyote viwili kwa pamoja uone kipi kinakimbia. Waliosoma sayansi watakumbuka iodini: kwenye kikombe kisicho na mate hutoa rangi ya bluu iliyokoza hadi weusi, na kwenye kile cha pili rangi hiyo hufifia kadiri nyuzi zinavyokatwa.

Wazee wetu waliutumia ujuzi huu bila kuujua kwa jina. Ulezi ukilowekwa na kuachwa uchipue kwa siku mbili tatu, mbegu inatengeneza amilesi yake ili iimeng'enye akiba yake yenyewe. Ukianikwa na kusagwa ndio kimea, ambacho wapika mbege wa Kilimanjaro na wapika busaa wa magharibi mwa Kenya wanakijua vizuri. Wataalamu wa lishe Tanzania walikichukua kimea hichohicho wakakipeleka kwenye uji wa watoto. Unapika uji mzito kupita kiasi, unauacha upoe kidogo, unatia kijiko kimoja au viwili vya chai vya unga wa kimea kwa bakuli na kukoroga. Dakika chache tu unalainika, na mtoto anapata unga mwingi zaidi katika tumbo lake dogo lilelile. Makosa ni mawili. La kwanza ni kutia kimea uji ukiwa bado unatokota: joto linaharibu kimeng'enya na uji unabaki mzito. La pili ni kutouchemsha tena baada ya kulainika, wakati kimea kilichoanikwa nje hubeba vijidudu. Na kama ni kimea cha mtama, chipukizi na mizizi lazima visuguliwe vitoke kabla ya kusaga, kwa sababu vina kemikali inayotoa sianidi. Ulezi hauna wasiwasi mkubwa hivyo.

Hapohapo kuna sababu mojawapo ya kutompa mtoto uji kabla ya miezi sita. Kongosho lake bado halitoi amilesi ya kutosha, na sehemu ya wanga utakaomlisha itapita bila kumfaa.

Kutoka tonge hadi damu

Wanga wa unga mbichi umefungashwa kwenye punje ngumu, na amilesi inaishia kuzikwaruza kwa nje. Maji ya ugali yakifika nyuzi joto 62 hadi 72 za Selsiasi, punje za mahindi zinakunywa maji, zinavimba na kupasuka, na nyuzi zinafunguka. Kwa hiyo sufuria na mwiko vimeshafanya hatua ya kwanza ya mmeng'enyo kabla hujanawa mikono.

Mdomoni tonge halikai, kwa hiyo amilesi ya mate inaanza tu. Tumboni asidi inaizima, ingawa ndani ya donge huendelea kwa muda kabla asidi haijapenya. Kazi kubwa iko mwanzoni mwa utumbo mwembamba, ambako kongosho linamwaga amilesi nyingi pamoja na maji yanayopunguza ile asidi. Amilesi haimalizi kazi hadi glukosi moja moja. Inaacha vipande vya shanga mbili mbili, tatu tatu, na vijitawi ilivyoshindwa kuvikata. Hivi vinamalizwa kwenye ukuta wa utumbo wenyewe na vimeng'enya vilivyobandikwa pale: maltesi kwa vipande vilivyonyooka na mwenzake kwa matawi. Jirani yao ni sukresi, inayoigawa sukari ya mezani kuwa glukosi moja na fruktosi moja.

Angalia tofauti hiyo kwa makini, maana inawashangaza wengi. Sukari ya mezani ni nusu glukosi. Wanga ni glukosi yote. Ndiyo maana, gramu kwa gramu, wanga laini ulioiva vizuri unaweza kuipandisha namba ya mashine kuliko sukari ya kwenye chai.

Kutoka utumboni glukosi huingia kupitia mlango unaoipitisha pamoja na sodiamu ya chumvi, na maji yanafuata. Maji ya ORS, yale anayonyweshwa anayeharisha, yanategemea mlango huo: pakiti ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na madini mengine mawili. Ukiikosa sukari, chumvi peke yake haivuti maji inavyotakiwa.

Sasa hesabu. Ugali wa gramu 100 za unga una kama gramu 75 za wanga. Damu yote ya mtu mzima, lita tano hivi, ina gramu 5 tu za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Unapakua ugali wenye vijiko 15 kuingia mahali panapokaa kimoja, na vinaingia ndani ya saa mbili tatu. Namba lazima ipande. Kwa mtu mwenye afya, saa mbili baada ya kula huwa imeshashuka chini ya 7.8. Ile 9.1 ya saa moja, peke yake, haimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa kisukari. Daktari huangalia kipimo cha maabara cha asubuhi kabla ya kula, kikifika 7.0 au zaidi, au cha saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, kikifika 11.1 au zaidi, na mara nyingi hurudia kabla ya kusema neno.

Ghala na wachumaji wake

Glukosi inayozidi kwenye damu inawekwa akiba kwa amri ya insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho. Kwa nini isikae tu ndani ya seli kama ilivyo? Nyunyiza sukari kwenye vipande vya nanasi uone vinavyotoa maji. Glukosi moja moja, ikijazana ndani ya seli ya ini, ingevuta maji hadi seli ipasuke. Ikiungwa maelfu kwa maelfu kuwa molekuli moja, mvuto huo unapungua sana. Kimeng'enya kimoja kinaongeza shanga kwenye ncha, kingine kinakata kipande cha uzi na kukibandika ubavuni kiwe tawi. Ini la mtu mzima aliyeshiba hubeba takriban gramu 100 za glaikojeni, misuli yote kwa pamoja kama gramu 400. Ghala likijaa, ziada inageuzwa mafuta.

Matawi yale yana sababu. Fikiria shamba la chai la Kericho au Mufindi. Mchumaji huchuma ncha tu, na kichaka chenye ncha nyingi kinaweza kuchumwa na mikono mingi kwa wakati mmoja. Fosforilesi, kimeng'enya kinachoibomoa glaikojeni, nayo huchuma kwenye ncha tu, shanga moja moja. Uzi mmoja ulionyooka ungekuwa na sehemu moja ya kuchuma. Molekuli yenye matawi ina maelfu, na ndiyo maana mtu akishtuliwa na nyoka anapata nguvu ya kuruka papo hapo. Wachumaji hao wakibakiza shanga nne kufika kwenye tawi, wanakwama. Kimeng'enya kingine kinakuja, kinahamisha shanga tatu kwenye uzi wa jirani, kinaikata ile moja ya kwenye kona, na kazi inaendelea. Carl na Gerty Cori, mume na mke waliofanya kazi Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kuifungua njia hii.

Glukosi inayochumwa hivyo hutoka imebandikwa fosfeti, na fosfeti ni kama lakiri ya forodha: mzigo wenye lakiri hauruhusiwi kutoka getini. Ini lina kimeng'enya cha kubandua lakiri hiyo. Misuli haina. Kwa hiyo gramu 400 za misuli zinatumiwa na misuli yenyewe, na haiwezi kuiazima damu hata ubongo ukiwa taabani. Ubongo unahitaji kama gramu 120 za glukosi kwa siku, na mtu akiwa hajala, anayeulisha ni ini.

Ndiyo maana mtu mwenye afya anafunga Ramadhani kuanzia daku hadi futari, saa 13 na ushei kwa ukanda wetu, bila kuanguka. Ini linachuma akiba yake, na huku linatengeneza glukosi mpya kutokana na mabaki ya protini na mafuta. Kadiri mfungo unavyokaribia saa 24 akiba inakuwa imekwisha kwa sehemu kubwa. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyolikamua kongosho liitoe, hesabu yake ni tofauti kabisa: dawa inaendelea kulizuia ini hata pale linapohitajika, na hapo ndipo watu wanapozirai. Huyu akae na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Amri za kujenga na kubomoa hazitoki kwa pamoja. Glukagoni, homoni ya wakati wa njaa, na adrenalini, ya wakati wa mshtuko, husababisha fosfeti kubandikwa kwenye vimeng'enya vyenyewe. Fosfeti ileile inayoiwasha fosforilesi ndiyo inayokizima kile cha kujenga. Insulini huibandua. Hili linajibu swali linalowachosha sana wagonjwa wa kisukari: "Sijatia kitu mdomoni tangu saa mbili usiku, mbona asubuhi nina 10?" Sukari hiyo imetoka kwenye ini lako. Insulini ikiwa haitoshi, au ini likiwa halimsikilizi tena bosi huyo, wachumaji na watengenezaji wa glukosi hawaambiwi waache. Metformin, dawa ambayo wengi huanzishiwa, hufanya kazi yake kubwa hapohapo kwenye ini. Kuruka chakula cha usiku hakuwezi kulifanya ini hilo litii.

Yale yanayosambazwa

Ugali uliolala. Kuna ukweli: wanga ulioiva ukipoa, sehemu ya nyuzi zake, hasa zile zilizonyooka, hujipanga upya na kukazana, amilesi isipate pa kushika. Sehemu hiyo inapita hadi utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria. Lakini ni sehemu ndogo. Kilichobaki, ambacho ndicho kingi, kinameng'enywa kama kawaida, na kiporo cha tonge nne kinaweza kukupandisha kuliko ugali wa moto wa tonge mbili. Wali ndio wa kuangalia zaidi: ukiachwa usiku kucha kwenye sufuria jikoni, unaotesha bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Anayetaka kula wa baridi aupoze upesi na auweke kwenye friji.

Dona badala ya sembe. Dona ina kiini na pumba, kwa hiyo ina nyuzinyuzi, vitamini na mafuta zaidi, na ni chakula bora. Wanga wake lakini haujapungua kwa kiasi cha kukuruhusu uongeze bonge. Isitoshe, iliyosagwa laini sana inafikiwa na amilesi karibu kwa urahisi uleule. Kinachobadilisha mambo zaidi ni ukubwa wa ugali wenyewe, na maharage, samaki na mboga unavyovila navyo, maana vinachelewesha tumbo kumwaga chakula utumboni.

Kupungua kilo tatu kwa wiki kwa kuacha wanga. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukimaliza gramu 500 za ghala, maji ya kama kilo moja na nusu yanaondoka nayo. Mizani inashuka kwa kilo mbili kabla mafuta hayajaguswa vya kutosha, na zinarudi na pilau ya Ijumaa.

Vidonge vya "kuongeza vimeng'enya". Kimeng'enya ni protini, na tumbo linakichukulia kama nyama nyingine yoyote. Vidonge vya kweli vya kongosho, kwa wale ambao kongosho lao limeharibika, hutengenezwa na ganda linalostahimili asidi na huandikwa na daktari. Mwenye kisukari cha kawaida huwa na amilesi yake ya kutosha. Tatizo lake liko kwenye amri ya kuweka akiba.

Kinyume chake, ipo dawa inayopunguza kasi ya vimeng'enya: akabosi, inayovizuia maltesi na sukresi ukutani mwa utumbo ili glukosi iingie polepole. Wanaoitumia pamoja na dawa nyingine za kisukari wajue jambo moja. Sukari ikishuka chini ya 3.9, mtu wa kawaida hupewa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, akapimwa tena baada ya dakika 15. Kwao sukari ya mezani itachelewa, kwa sababu anayeikata amefungwa mikono. Wapewe glukosi yenyewe, ile ya unga au ya vidonge. Na aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kuna watoto wachache wanaozaliwa bila kile kimeng'enya cha ini cha kubandua lakiri. Ugonjwa unaitwa kwa jina la von Gierke, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1929. Ghala lao limejaa hadi tumbo limevimba kwa ukubwa wa ini, lakini mlango haufunguki, na saa chache baada ya kula sukari ya damu inaanguka hadi degedege. Tangu miaka ya 1980 wengi wao wanalelewa kwa wanga wa mahindi mbichi, ule unga mweupe laini wa kuzitia uzito supu, unaopimwa kwa gramu na kunyweshwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Punje zake bado zimefungwa, amilesi inazikwaruza taratibu, na glukosi inadondoka kwenye damu kidogo kidogo kwa saa tatu, nne, hata tano. Mama anaelekezwa aukoroge kwa maji baridi tu. Akitumia ya moto wanga unaiva, amilesi inaumaliza kwa pupa, na baada ya saa mbili mtoto yuko palepale alipokuwa.